Namba Tatu

"Hawa wamepaki basi."

Aliyesema ni jamaa aliyekaa karibu na mlango, miguu kaiegemeza kwenye benchi la mbele. Ilikuwa dakika ya 11 tu. Kibanda umiza kilikuwa kimejaa, feni moja ikizunguka juu ya vichwa vyetu bila upepo wake kutufikia, na kwenye runinga timu kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa ikipasiana mpira kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, mbele ya vijana kumi wa timu ya mkoani waliojipanga mistari miwili. Neno likapokelewa. Haikupita robo saa lilikuwa limezunguka kibanda kizima, na kila aliyelitamka alilitamka kama mtu anayeripoti wizi.

Nikikaa pale huwa simwangalii mwenye mpira. Namwangalia namba tatu wa ile timu ndogo, yaani beki wa kushoto. Mpira uko upande wa pili wa uwanja, mita 40 kutoka alipo, na kwa anayefuata mpira kwa macho, kijana huyu hana kazi yoyote. Lakini itazame shingo yake. Anautazama mpira, anageuka kumtafuta winga aliyejificha nyuma ya bega lake, anaurudia mpira, anamtupia jicho beki wa kati aliye kulia kwake, anaingia ndani hatua mbili, anageuka tena. Siku ile nilihesabu. Kati ya kona moja na iliyofuata, muda usiozidi dakika 4, aligeuza shingo mara 31. Mpira hakuugusa.

Kisha ukapigwa ule mpira mrefu wa kuvuka uwanja, ambao timu kubwa huusuka taratibu kwa pasi 20 ili upigwe mara moja. Winga akautuliza vizuri kabisa, na alipoinua kichwa namba tatu alikuwa ameshafika, mita moja na nusu mbele yake, kiuno kimeinama, mguu mmoja nyuma. Winga akatazama ndani, njia haipo. Akatazama pembeni, njia ipo lakini inaishia kwenye kibendera cha kona. Akarudisha mpira nyuma. Kibanda kikaguna, na yule jamaa wa mlangoni akauliza, "Sasa huu ndio mpira gani?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu namba tatu ndiyo nafasi niliyoicheza mimi, na naamini alichokiona na kukidharau ni sehemu ya mpira wa miguu ambayo hatujafundishwa kuitazama.

Hilo neno lenyewe tumeletewa. Septemba 2004, José Mourinho akiwa mgeni pale Chelsea alitoka suluhu na Tottenham nyumbani kwake, akalalamika kwamba wageni walileta basi lao wakaliegesha mbele ya goli. Maneno yakasafiri, yakafika kwetu, yakavaa Kiswahili, na leo hata mtoto anayecheza kwa mpira wa makaratasi anamwambia mwenzake amepaki basi. Lakini tarehe 28 Aprili 2010 Mourinho huyohuyo aliwapeleka Inter Milan Camp Nou, akiwa na ushindi wa 3-1 wa nyumbani, kucheza na Barcelona ambayo wakati ule dunia nzima iliiona haifungiki. Dakika ya 28 Thiago Motta akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakabaki kumi kwa zaidi ya saa nzima. Samuel Eto'o, mmoja wa wafungaji hatari kuliko wote ambao Afrika imewahi kuwazaa, alicheza usiku ule kama beki wa pembeni, anakimbia kurudi, anateleza, anazuia krosi, anainuka. Barcelona walipata bao moja dakika za mwisho. Inter wakapita kwa jumla ya 3-2, na mwezi uliofuata wakachukua ubingwa wa Ulaya. Zilipobaki dakika chache Eto'o alipumzishwa, na aliyeingia badala yake kulinda ukuta ule ni McDonald Mariga, Mkenya. Jina hilo liweke akilini, nitalirudia.

Nilisema nilicheza namba tatu. Nilicheza mchangani, kwenye uwanja wenye mwembe nyuma ya goli moja na barabara ya vumbi nyuma ya lingine. Kata ya jirani walikuwa na timu iliyotuzidi kila kitu: viatu, maji ya kunywa wakati wa mapumziko, na wachezaji watatu waliokuwa wamewahi kusajiliwa daraja la kwanza. Mzunguko wa kwanza walitufunga 7-0. Bao la nne na la tano yote yalipita upande wangu, na nakumbuka zaidi sauti ya watu wao wakimwambia winga wao, "Hapo hapo, pitia hapo hapo."

Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani. Jioni ya kuamkia mechi ya marudiano alituita nyuma ya duka lake, akafagia kipande cha ardhi kwa mguu, akapanga vizibo vya soda 22. Vya kwao alivilaza kifudifudi, vya kwetu chali, na punje ya mhindi ikawa mpira. Akasogeza punje kwenda kulia, akasema kila mtu asogeze kizibo chake. Nikasogeza changu kuufuata mpira. Akakirudisha. Akasogeza punje tena, nikasogeza tena, akakirudisha tena, safari hii akakibana ardhini kwa kidole gumba. "Ukienda kwenye mpira," aliniuliza, "hapa ulipotoka umemwachia nani?" Nikatazama ile nafasi tupu kwenye vumbi. Ilikuwa na upana wa kiganja. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza bao la nne na la tano yalikotokea.

Tulikaa pale mpaka giza likaingia, tukisogeza vizibo bila kuongea sana. Kanuni ilikuwa moja: mpira ukienda huku, wote tunasogea, na umbali kati ya mtu na mtu haubadiliki. Aliitafutia mfano kwenye kazi yake. Alisema kitambaa kinapopasuka hakipasuki katikati ya uzi, kinapasuka pale uzi na uzi ulipoachiana.

Kesho yake nikajifunza jambo ambalo vizibo havisemi, nalo ni uchovu. Watu wanadhani timu inayokaa nyuma imejipumzisha. Si kweli. Mwenye mpira anakimbia anapotaka na anasimama anapotaka. Asiye na mpira anakimbizwa, na anayeamua lini akimbie ni adui yake. Lakini miguu ndiyo inayochoka mwisho. Kinachotangulia kuchoka ni akili, kwa sababu kila sekunde kuna swali jipya na majibu yake yote ni madogomadogo: hatua mbili ndani, hatua moja nje, mwite huyu, mwachie yule, geuza shingo. Hakuna jibu linaloshangiliwa. Ukijibu sawasawa mara 200 hakuna aliyeona, na ukikosea mara moja jina lako litatajwa wiki nzima.

Mimi nilikosea dakika ya 86. Ilikuwa kona. Mtu wangu nilikuwa nimemshika vizuri, namsikia hata anavyohema, halafu mpira ukapaa na jua la jioni likaugeuza rangi, nikautazama. Sekunde moja tu. Tulifungwa 1-0. Kijana wa watu aliruka kutoka mahali nilipokuwa nimesimama. Mwalimu hakunilaumu. Alinipa chupa ya maji akanikalisha karibu naye, na watu wa kata ya jirani walipotupita waliondoka kimya, si kama walivyoondoka mara ya kwanza.

Tangu hapo sikubali mtu anapoita woga kila timu inayokaa nyuma. Woga upo, nimeuona, na naweza kusema unavyofanana. Timu iliyoogopa ikiunasa mpira inaufukuza kama mtu aliyeshika kaa la moto. Unatoka nje, unarudishwa, unatoka tena. Timu iliyokuja na hesabu yake, ikiunasa, kuna mtu mmoja mbele ambaye kwa dakika 20 nzima hakushuka kusaidia, na ulidhani ni mvivu. Yeye ndiye sababu ya mabeki wawili wa timu kubwa kutopanda. Wacheza bao wanaijua hali hii: zipo zamu ambazo huna cha kula, unatakata tu, kete zinazunguka upande wako, na anayetazama kwa juu anadhani umekwisha, kumbe unapanga shimo moja tu, ukisubiri mwenzio apite njia unayoitaka.

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Kati ya mechi 30 za msimu, timu ya mkoani inacheza nne na Simba na Yanga, mbili nyumbani na mbili ugenini, ila kwa kweli zote nne ni ugenini. Nenda uwanja wowote wa mkoa siku vigogo wa Kariakoo wanapokuja. Barabara imejaa kijani na njano, au imejaa nyekundu. Jukwaani ni hivyohivyo. Kijana wa timu ya nyumbani anatoka vyumbani, anasikia uwanja unalipuka, na shangwe si yake. Kaka yake yawezekana yuko pale amevaa jezi ya wageni. Yeye mwenyewe, kama wengi wetu, amekulia nyumba iliyogawanyika Simba na Yanga kabla hajajua kusoma. Klabu hizo za 1935 na 1936 zilikuwepo kabla ya babu yake kuoa. Kwa dakika 90 anatakiwa kumkaba mtu ambaye picha yake huenda ilibandikwa ukutani pale nyumbani. Tunapozungumzia maandalizi ya timu ndogo tunataja mazoezi, posho, usafiri. Ni sawa. Lakini kazi ya kwanza ya mwalimu wa timu ile ni kuwatoa wachezaji wake katika ushabiki walioupata utotoni.

Zipo klabu zilizowahi kuhamisha mechi hizo kwenda kwenye viwanja vikubwa vya mikoa mingine ili zipate mapato ya mlangoni. Najua hali zao, najua mishahara inavyosumbua, na siwezi kumhukumu kiongozi anayedaiwa. Bado linaniuma. Uwanja wako wenye nyasi zako, joto lako na mwinuko unaoujua kwa nyayo ni kitu kimoja kati ya vichache ulivyomzidi mkubwa. Ukikiuza, umebakiwa na nini cha kupigania?

Ihefu hawakukiuza. Jina lao ni la ardhi oevu iliyoko bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, bwawa la majani linalopokea maji ya milimani, likayashika, kisha likayaachia polepole kuingia Ruaha Mkuu. Uwanja wao, Highland Estates, uko Ubaruku, kwenye nchi ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walifika pale wakiwa na mechi 49 za ligi bila kupoteza, rekodi waliyoanza kuijenga baada ya kufungwa na Azam Aprili 2021. Wenyeji walikuwa chini kabisa kwenye msimamo. Yannick Bangala akawafungia Yanga mapema, na nadhani nchi nzima iliyokuwa ikisikiliza redio ilijua kinachofuata.

Kilichofuata hakikuwa hicho. Never Tigere alisawazisha kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga la pili. Ikabaki kazi ya kulinda. Nilisikiliza mechi ile kwenye daladala, spika moja imepasuka, na kila mtangazaji alipopandisha sauti kondakta aliacha kudai nauli. Mpira ulipokwisha 2-1 gari lilikuwa kimya. Mzee mmoja mwenye kofia ya Yanga alisema taratibu, bila kumwelekea mtu, "Wamecheza." Sikusikia sifa nyingine siku ile, na sidhani ilihitajika. Yanga waliendelea kuwa bora. Msimu huohuo walichukua ubingwa na wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 2023, walirudi Ubaruku na timu bora zaidi, wakafungwa 2-1 vilevile. Mara moja watu huita bahati. Mara ya pili, uwanja uleule, matokeo yaleyale, inabidi tukubali kwamba pale palikuwa na watu waliokaa chini wakapanga vizibo.

Timu ile haipo tena Mbarali. Mwaka 2024 ilihamia Singida ikawa Singida Black Stars. Klabu zina wenyewe, na wenyewe wana sababu zao. Ila kila nikipita barabara ile ya Mbeya nawafikiria wakulima wa Ubaruku waliowahi kuwa na mahali ambapo mkubwa akija anahema.

Siku timu kubwa ikibanwa, kibanda umiza kinasema mkoani wanakaza kwetu tu, kwa watani wetu wanalegea. Wiki inayofuata watani wanasema maneno yaleyale. Wanaosema hivyo ni watu wangu, nimekaa nao benchi moja, na ningependa wakumbuke Cairo. Mwaka 2003 Simba walikutana na Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Dar es Salaam walishinda 1-0. Kule Misri Simba haikuwa timu kubwa. Ilikuwa ndogo kama timu yoyote ya mkoani inayoshuka kwenye basi Dar es Salaam baada ya saa 12 barabarani. Ilirudi nyuma, ikabanwa, ikafungwa 1-0, ikavumilia mpaka mikwaju ya penalti, na Juma Kaseja golini. Simba wakapita. Miaka zaidi ya 20 baadaye bado tunahadithiana usiku ule, na sijawahi kumsikia mtu hata mmoja, wa Simba wala wa Yanga, akisema Simba walipaki basi. Tunasema walipigana. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba siku ile anayetoka jasho alikuwa wetu.

Sasa nimrudie Mariga. Ana mdogo wake, Victor Wanyama. Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ya Scotland, iliyokuwa ikisherehekea miaka 125 wiki ile, iliikaribisha Barcelona Glasgow. Majuma mawili kabla walikuwa wamecheza Camp Nou, wakakaza mpaka muda wa nyongeza, Jordi Alba akawafunga mpira ukikaribia kwisha. Timu nyingi zingevunjika moyo. Celtic wakarudi na mpango uleule. Barcelona walikaa na mpira zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Dakika ya 21 Celtic wakapata kona, Charlie Mulgrew akaichonga, na Wanyama, kijana wa miaka 21 kutoka Nairobi, akaruka juu ya wote akapiga kichwa. Saa nzima iliyofuata ni ya Fraser Forster golini na mabeki wake. Dakika ya 83 Forster akapiga mpira mrefu, Xavi, kiungo ambaye mpira haukuwa ukimtii mtu mwingine kama ulivyomtii yeye, akaukosa, na Tony Watt, aliyetoka benchi, akakimbia peke yake akafunga. Messi alipata moja mwishoni. 2-1. Ndugu wawili wa nyumba moja, mechi mbili zilizopishana miaka miwili na nusu, kila mmoja kwa namna yake akaisaidia timu iliyokosa mpira kuizuia Barcelona. Nikifikiria mama yao alivyotazama mechi hizo mbili, nashindwa kuendelea kuandika kwa dakika kadhaa.

Hata hivyo si lazima mnyonge akae mlangoni kwake. Saudi Arabia waliposhinda 2-1 dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia, Lusail, Novemba 2022, mwalimu wao Hervé Renard, yuleyule aliyeipa Zambia ubingwa wa Afrika 2012, aliwapandisha mabeki karibu na mstari wa kati. Ni mpango wa kutisha hata kuutazama. Nyuma yao uwanja mtupu, mbele yao Messi. Kipindi cha kwanza Messi alifunga penalti, kisha Argentina wakaingiza mpira wavuni mara tatu, na mara zote tatu kibendera kikapanda: kuotea. Wanne wanapanda kwa pamoja, hatua moja, na mshambuliaji anajikuta upande usio wake. Anayechelewa nusu hatua anaua wenzake wote. Nilipoona marudio ya picha nilisimamisha pale ambapo mstari unachorwa, nikaona vile visigino vinne vimelingana kama kamba iliyovutwa, nikakumbuka uzi wa mwalimu wangu. Dakika ya 48 na ya 53 Saudi wakafunga. Argentina hawakuwa wamepoteza mechi 36 kabla ya siku ile, na ndio waliotwaa kombe. Saudi walipoteza mbili zilizofuata wakarudi nyumbani.

Kuna sehemu moja ya jambo hili siwezi kuitetea, nayo ni kujiangusha. Kipa anayelala chini kila anapodaka, beki anayeshika paja lililo zima, mtoto wa mipira anayepotea ghafla. Watetezi wa timu ndogo husema ni silaha ya mnyonge. Mimi naona inamwibia mnyonge mwenyewe, kwa sababu ile kazi ya shingo na hatua mbilimbili, ambayo ni ya heshima, inafunikwa na upuuzi, na anayetazama anapata sababu ya kuviita vyote jina moja. Nilifurahi sheria ilipobadilishwa kuanzia msimu wa 2025/26, kipa anayeshikilia mpira zaidi ya sekunde 8 anaadhibiwa kwa kona. Timu iliyopanga vizibo vyake vizuri haihitaji kuiba dakika.

Na hata iliyopanga vizuri, mara nyingi inafungwa. Haya ya Glasgow na Ubaruku tunayasimulia kwa kuwa ni machache.

Tarehe 24 Januari 2022, Komoro, visiwa vyenye watu wasiofika milioni moja, majirani na ndugu zetu wa bahari hii, walikuwa Yaoundé kucheza na wenyeji Kamerun hatua ya 16 bora ya AFCON. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika fainali hizo, na siku sita kabla walikuwa wameitoa Ghana kwa 3-2. Usiku ule siwezi kuuandika kama usiku wa mpira tu. Nje ya uwanja wa Olembe, kabla ya mechi, watu wanane walikufa katika msongamano getini. Ndani, Komoro hawakuwa na kipa. Mmoja alikuwa majeruhi, wengine wawili waliwekwa kando kwa sababu za korona. Golini akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto. Namba tatu.

Dakika ya 7 nahodha Nadjim Abdou akapewa kadi nyekundu. Kumi, bila kipa, dhidi ya wenyeji. Karl Toko Ekambi akafunga dakika ya 29. Hapo ndipo mtu anapotazamia bao la tano, la sita, la saba. Mimi nayajua hayo. Lakini hayakuja. Wenzake walikimbia mbele yake wakifunga njia moja baada ya nyingine, na ilipopita iliyopita, Alhadhur aliirukia. Kipindi cha pili alizuia mara mbili mfululizo, ya pili akiwa bado chini. Vincent Aboubakar akapata la pili dakika ya 70. Dakika ya 81 Youssouf M'Changama akaweka mpira wa adhabu chini, mbali sana na goli, akaupiga ukaingia juu kabisa. Iliisha 2-1.

Mimi kila nikirudia picha za mechi ile naishia kutazama mgongo wa Alhadhur. Jezi ya kipa yenye namba yake haikuwepo, hakuna aliyeiandaa, kwani nani angemwandalia beki jezi ya kipa? Namba imetengenezwa kwa tepu, vipande vilivyokatwa na kupangwa mpaka vikatoa 3. Maana yake ni kwamba chumbani, kabla hawajatoka, kuna mtu aliinama nyuma yake, akakata kipande baada ya kipande, akakilainisha kwa kiganja kila kimoja ili kisibanduke jasho litakapoanza.